Serikali Ikishindwa Kesi, Nani Analipa? Bajeti, Kodi na Mahakama katika Jimbo la Washington

Tarehe 20 Mei 2025, Gavana Bob Ferguson wa jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, alitia saini bajeti ya uendeshaji ya miaka miwili yenye matumizi ya takriban dola bilioni 77.8. Bajeti hiyo iliandamana na kifurushi cha sheria za kodi kilichokisiwa kuingiza takriban dola bilioni 9 za ziada katika miaka minne. Wakati huohuo, serikali hiyohiyo ilikuwa ikilipa mamia ya mamilioni ya dola kwa mwaka kwa watu walioishtaki. Mwenye macho yake akiona mambo mawili hayo yamekaa pamoja, husema moja kwa moja: kodi zimepanda ili kulipia kesi.

Kauli hiyo ina ukweli, ila ukweli wake haupo pale watu wengi wanapoutafuta. Fidia zinazotangazwa kwenye habari ndizo sehemu ndogo ya gharama. Kubwa zaidi ni amri za mahakama ambazo hazimlipi mtu hata senti, bali zinailazimisha serikali kujenga, kuajiri na kuhudumia. Tena kuna kesi za aina ya tatu, zile zinazoshambulia kodi zenyewe, ambazo huamua kama fedha zilizokwisha kuandikwa kwenye bajeti zitabaki au zitarudishwa. Tutazichambua zote tatu. Kwa Waswahili wanaoishi Kent, Tukwila, Seattle na Tacoma, na si wachache, kuanzia Wakenya mpaka familia zilizotoka Kongo, matokeo yake yapo kwenye risiti ya duka na kwenye pampu ya mafuta.

Bajeti ilivyofungwa

Jimbo la Washington hupanga bajeti ya miaka miwili inayoanza tarehe 1 Julai ya mwaka witiri: 2023, 2025, 2027. Katika mwaka huo Bunge la jimbo hukaa siku 105. Mwaka unaofuata hukaa siku 60, na hapo hupitishwa bajeti ya nyongeza ya kurekebisha yaliyokwenda kombo. Bajeti zenyewe ni tatu: ya uendeshaji, ya usafirishaji na ya ujenzi. Fedha hazihami kirahisi kutoka moja kwenda nyingine. Tangu 1944 katiba ya jimbo inafunga kodi ya mafuta ya magari kwa shughuli za barabara tu, kwa hiyo senti ya petroli haiwezi kumlipa mwalimu wala kulipia fidia ya mtoto aliyeumizwa kwenye malezi ya serikali.

Upande wa mapato nao una mipaka yake. Bajeti ya 2025 ilipopitishwa, jimbo halikuwa na kodi ya mapato ya watu binafsi. Wapiga kura waliikubali mwaka 1932, lakini mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya jimbo, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikasema kipato ni mali, na mali kwa mujibu wa katiba lazima itozwe kwa kiwango kimoja chenye ukomo. Kilichobaki ni kodi ya mauzo ya asilimia 6.5, ambayo ikiongezwa ya mitaa huvuka asilimia 10 mjini Seattle. Kodi ya biashara inayokatwa kwenye mapato ghafi, uwe umepata faida au hasara. Na kodi ya majengo na ardhi. Mchele na unga wa dukani havikatwi kodi ya mauzo. Sahani ya mgahawani inakatwa.

Kuanzia 2012 sheria inataka bajeti ya uendeshaji isawazishwe kwa miaka minne mbele, siyo miwili tu, kwa kufuata makisio ya baraza maalumu linaloyatoa kila robo mwaka. Ipo pia akiba ya dharura iliyowekwa kwenye katiba mwaka 2007, inayopokea asilimia 1 ya mapato ya jumla ya kila mwaka. Kuigusa wakati uchumi uko sawa kunahitaji kura tatu kati ya kila tano katika kila baraza la Bunge. Hukumu ya mahakama haihesabiki kuwa mdororo wa uchumi.

Matumizi nayo mengi yamekwisha kutengwa kabla mbunge hajakaa kitini. Elimu ya msingi inalindwa na katiba. Bima ya afya ya watu wa kipato cha chini inabeba masharti ya fedha za serikali kuu. Riba ya madeni na pensheni hazisubiri. Ankara ya mahakama inapofika, kinachoweza kupunguzwa ni kile kipande chembamba kilichobaki: vyuo vikuu, huduma za jamii, magereza, mbuga. Ndiyo maana kiasi kinachoonekana kidogo kwenye jumla huuma sana.

Fidia: fomu, siku 60, kisha miaka

Zamani serikali ilikuwa na kinga. Huwezi kuishtaki bila ridhaa yake. Washington iliivua kinga hiyo mwaka 1961, na marekebisho ya 1963 yakaweka wazi kwamba jimbo litawajibika kwa makosa yake kama vile ni mtu binafsi au kampuni. Majimbo mengine yalifungua mlango nusu. Florida imeweka ukomo wa dola 200,000 kwa mtu mmoja na 300,000 kwa tukio. Anayetaka zaidi ya hapo lazima apitishiwe muswada bungeni. Texas ukomo kwa serikali ya jimbo ni dola 250,000 kwa mtu na 500,000 kwa tukio. Washington haina ukomo wowote. Zaidi ya hapo, mwaka 1989 Mahakama Kuu ya jimbo ilibatilisha sheria iliyowekea ukomo fidia ya maumivu na mateso, ikisema kupanga kiasi cha fidia ni kazi ya baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wa kawaida wanaoamua kesi, na katiba inalilinda jukumu hilo. Mbunge anayesema "tuweke ukomo tu" ana ukuta huo mbele yake.

Safari ya dai iko hivi. Mdai hujaza fomu ya kawaida ya madai na kuiwasilisha katika ofisi ya usimamizi wa vihatarishi ya jimbo. Kisha lazima asubiri siku 60 kabla ya kufungua kesi. (Msomaji wa Tanzania atakumbuka notisi ya siku 90 kwa kesi dhidi ya Serikali, wazo ni lilelile.) Ndani ya siku hizo serikali inaweza kulipa, kukataa au kunyamaza. Kwa madai mengi ya kuumia mwili, muda wa kufungua kesi ni miaka 3. Unyanyasaji wa kingono dhidi ya watoto una kanuni zake: kwa matukio ya kuanzia Juni 2024, Bunge limeondoa ukomo wa muda kabisa.

Kesi ikifunguliwa, mawakili wa Mwanasheria Mkuu huichukua na kuikadiria: uwezekano wa kushindwa, kiasi kinachoweza kutolewa, gharama ya kuipigania. Hapo kuna fedha zinazotoka hata kama serikali itashinda. Kuna muda wa mawakili, malipo ya wataalamu wa kutoa ushahidi, ukusanyaji wa maelfu ya nyaraka. Wataalamu ndio ghali. Na uzembe kwenye nyaraka hugeuka gharama mpya. Maporomoko ya Oso ya tarehe 22 Machi 2014 yaliua watu 43. Katika kesi iliyofuata ikabainika kuwa wataalamu wa upande wa jimbo walikuwa wamefuta barua pepe walizoandikiana, na mahakama ikaitoza serikali faini kwa hilo. Oktoba 2016 jimbo lilikubali kulipa dola milioni 50 kumaliza shauri.

Mbona wasiende mpaka mwisho wa kesi? Kwa sababu hukumu ya baraza la wazee haina dari, na riba huanza kuhesabiwa. Katika hukumu za makosa ya taasisi za umma, riba ni ile ya hati za hazina ya Marekani za wiki 26, ikiongezwa asilimia 2. Rufaa ya miaka miwili juu ya hukumu ya dola milioni 30, riba ikiwa asilimia 6, inaongeza dola milioni 3.6. Ndipo suluhu ya milioni 20 leo inapoanza kupendeza.

Kuna kanuni nyingine inayowashangaza wengi. Mwaka 1986 Washington ilipunguza utaratibu wa mdaiwa mmoja kubeba mzigo wa wengine, lakini ikaacha tundu: mdai akiwa hana kosa lolote, wadaiwa waliohukumiwa hubeba deni kwa pamoja. Chukua abiria aliyekaa kiti cha nyuma. Dereva mlevi amekosea kwa asilimia 90, na idara ya barabara kwa asilimia 10 kwa sababu kingo ya barabara ilikuwa mbovu. Dereva hana bima wala mali. Abiria anaweza kudai fidia yote kutoka kwa jimbo, ambalo siku zote lina mfuko.

Mfuko wenyewe ni wa kujikatia bima. Jimbo linaendesha hesabu maalumu ya madai ambayo kila idara inachangia ada. Mtakwimu bima huangalia historia ya madai ya kila idara, anakisia yajayo, kisha anagawa ada: aliyeshtakiwa sana analipa zaidi. Nia ni njema, kwamba mkurugenzi aone gharama ya uzembe kwenye vitabu vyake mwenyewe. Kwa vitendo mambo huenda mrama kwa namna tatu.

Kwanza, ada hutazama nyuma. Madai mengi makubwa ya miaka ya karibuni yanahusu watoto walionyanyaswa katika malezi ya kambo, nyumba za makundi na vituo vya vijana wakosaji, mengine yakiwa ya miaka ya 1980 na 1990. Idara ya watoto, vijana na familia inayobeba sehemu kubwa ya ada hizo ilianza kazi Julai 2018 tu. Meneja wa leo hawezi kurekebisha usimamizi wa 1987.

Pili, makisio ya mtakwimu hutegemea kwamba kesho itafanana na jana, na sheria hubadilika katikati. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya jimbo iliamua kuwa serikali ina wajibu wa kisheria wa kuwalinda watoto iliowaweka kwenye malezi ya kambo dhidi ya madhara yanayotabirika. Mara moja, madai ambayo zamani yangetupwa yakawa na thamani. Kampuni za bima zinazouza kinga kwa hasara inayozidi kiasi fulani husoma hukumu hizo pia. Zinapandisha bei au zinapunguza kinga, na pengo linarudi serikalini.

Tatu, hela ni zilezile zinazozunguka. Idara haina biashara inayoingiza faida. Ada ikipanda, inakwenda bungeni kuomba fedha za kulipia ada. Bunge likiipa, linazitoa kwenye mfuko mkuu. Lisipoipa, idara inaacha nafasi za kazi wazi. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyepaswa kufuatilia familia 15 anajikuta na 25, anakosa ziara moja ya nyumbani, na kwenye ziara hiyo ndipo dai la miaka kumi ijayo linapozaliwa. Hapa ndipo ningeweka lawama nzito kuliko kwa mawakili wa walalamikaji, ambao huchukua theluthi au zaidi ya fidia na husemwa sana kwa hilo.

Sasa tupime uzito. Tuseme fidia na gharama zake zinafika dola milioni 500 kwa mwaka. Bajeti ya uendeshaji ya bilioni 77.8 kwa miaka miwili ni karibu bilioni 38.9 kwa mwaka. Fidia ni asilimia 1.3. Kwa kiwango hicho, kifurushi cha kodi cha bilioni 9 kwa miaka minne ni zaidi ya mara nne ya fidia zote za kipindi hicho, bilioni 2. Fidia haziwezi kuwa ndiyo sababu kuu. Lakini milioni 500 ndicho pia kiasi cha kwanza ambacho sheria ya kodi ya faida ya mtaji ilikitenga kwa ajili ya elimu kila mwaka. Kodi nzima iliyopiganiwa bungeni na mahakamani kwa miaka miwili inaweza kulingana na ankara ya madai ya mwaka mmoja.

Majimbo mengine yamekutana na mkondo huohuo. Maryland ilifuta ukomo wa muda wa kesi za unyanyasaji wa watoto mwaka 2023, ikapata maelfu ya madai, na mwaka 2025 ikarudi kupunguza ukomo wa fidia dhidi ya taasisi za umma kutoka dola 890,000 hadi 400,000 kwa madai ya kuanzia Juni 1. Kaunti ya Los Angeles, Aprili 2025, ilikubali suluhu ya dola bilioni 4, na mpango wake wa malipo unafika karibu 2051.

Amri zisizo na cheki

Kesi iliyopandisha kodi za Washington waziwazi kuliko zote haikuwa na fidia. Mwaka 2007 familia mbili na kundi la wilaya za shule na mashirika walidai kwamba jimbo halitimizi kile katiba inachokiita wajibu wake mkuu: kuwapatia watoto wote elimu kwa ukamilifu. Kesi inajulikana kwa jina la McCleary. Tarehe 5 Januari 2012 Mahakama Kuu ya jimbo ilikubaliana nao na kutoa muda mpaka 2018. Hoja ya msingi ilikuwa kwamba jimbo limewaachia wilaya za shule kulipa mishahara kwa kodi za mitaa, ambazo hutegemea kura za wakazi na thamani ya nyumba zao. Wilaya tajiri inajitosheleza, maskini inakwama.

Bunge lilisuasua. Septemba 2014 mahakama ikalitia hatiani kwa kudharau amri. Kuanzia tarehe 13 Agosti 2015 ikaweka faini ya dola 100,000 kwa siku. Bunge halikuilipa siku kwa siku. Faini ilijilimbikiza, na hatimaye mwaka 2018 zilitengwa takriban dola milioni 105 kwa ajili yake, zikatumika kwa elimu. Hizo milioni 105 ndizo zilizoandikwa sana. Gharama halisi ya kesi ilikuwa mabilioni ya mishahara ya walimu na madarasa yenye wanafunzi wachache.

Suluhisho lilipatikana tarehe 30 Juni 2017, siku ya mwisho ya mwaka wa fedha. Kodi ya majengo ya jimbo ilipandishwa kwa takriban senti 81, ikafika dola 2.70 kwa kila dola 1,000 za thamani. Nyumba ya dola 400,000 ikaongezewa karibu dola 324 kwa mwaka. Badala yake, kodi za shule za mitaa ziliwekewa ukomo. Tatizo likawa kalenda: kodi ya jimbo ilianza 2018, ukomo wa mitaa ukaanza 2019. Kwa mwaka mmoja wamiliki walilipa zote mbili, na katika Kaunti ya King makusanyo ya kodi za majengo yalipanda kwa takriban asilimia 17. Mpangaji naye hakuachwa, kwani mwenye nyumba huhamishia kodi hiyo kwenye pango. Bunge likaja kupunguza senti 30 kwa mwaka 2019. Tarehe 7 Juni 2018 mahakama ikafunga jalada.

Kesi ya pili ya namna hii inahusu kalavati. Katika mikataba ya 1854 na 1855, Gavana Isaac Stevens aliwaahidi Wenyeji wa Marekani kwamba wataendelea kuvua katika maeneo yao ya asili. Mwaka 2001 makabila 21 pamoja na serikali kuu yalidai kuwa mabomba yaliyo chini ya barabara za jimbo yanawazuia samaki aina ya samoni kupanda mito kuzaa: bomba limening'inia juu ya maji, au maji yanapita kwa kasi isiyopandika. Haki ya kuvua, walisema, haina maana kama samaki wenyewe hawafiki. Machi 2013 hakimu wa shirikisho aliamuru jimbo lifungue sehemu kubwa ya makazi hayo ifikapo 2030. Juni 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani iligawanyika 4 kwa 4, na mgawanyiko huo ukaiacha amri isimame.

Kubadilisha kalavati moja chini ya barabara kuu maana yake ni kuhamisha magari, kuchimba tuta, kuondoa bomba la kipenyo cha mita moja au mbili, na kujenga daraja lenye upana unaofuata mkondo wa asili. Makisio ya dola bilioni 3.8 ndiyo yaliyotumika kwa miaka mingi. Tangu hapo yamepanda sana. Mpango wa usafirishaji wa 2022 ulitenga bilioni 2.4 peke yake. Fedha hizo hushindana na lami na madaraja katika bajeti ambayo chanzo chake kikuu, kodi ya mafuta, kinapungua nguvu kadiri magari yanavyotumia mafuta kidogo. Tarehe 1 Julai 2025 kodi hiyo ilipanda kutoka senti 49.4 hadi 55.4 kwa galoni, ikifuatwa na nyongeza ya asilimia 2 kila mwaka. Kwa tangi la galoni 15 ni senti 90. Kalavati hazikuwa sababu pekee, ila ukiulizwa ni wapi kesi imefika kwenye pampu, ni hapa.

Ya tatu inaitwa Trueblood. Watu waliokamatwa wakiwa na matatizo ya akili walikuwa wakikaa mahabusu kwa wiki na miezi wakisubiri kupimwa kama wanaweza kusimama mashtaka. Mwaka 2015 hakimu Marsha Pechman aliweka muda wa mwisho, kisha faini kwa kila mtu kwa kila siku ya kuchelewa. Julai 2023 alikuta serikali imekiuka makubaliano na kuitoza zaidi ya dola milioni 100. Mwaka huohuo jimbo lilinunua hospitali ya afya ya akili iliyofungwa huko Tukwila kwa karibu dola milioni 30 ili kupata vitanda. Faini ilikuwa kubwa kuliko bei ya hospitali.

Kodi ikishtakiwa

Kila kodi mpya Washington huzaa kesi, na mwandaaji wa bajeti lazima aamue kama ataiandika fedha hiyo au ataisubiri. Kodi ya faida ya mtaji ya 2021 ilikata asilimia 7 kwenye faida ya kuuza hisa na mali za aina hiyo inayozidi dola 250,000. Machi 2022 mahakama ya kaunti iliibatilisha kwa hoja ileile ya 1933, kwamba kipato ni mali. Novemba Mahakama Kuu ya jimbo iliruhusu maandalizi ya ukusanyaji yaendelee huku rufaa ikisikilizwa. Uamuzi ulitoka tarehe 24 Machi 2023, kura 7 dhidi ya 2: hii ni ushuru wa muamala, siyo kodi ya mali. Malipo ya kwanza yalitakiwa tarehe 18 Aprili, siku 25 baadaye. Uamuzi ungekwenda upande wa pili, mamia ya mamilioni yaliyokuwa kwenye makisio yangetoweka ndani ya kikao cha bajeti.

Hata kanuni ya kura bungeni iliamuliwa mahakamani. Wapiga kura walikuwa wamepitisha mara kadhaa sharti la theluthi mbili kwa kila kodi mpya. Februari 2013 Mahakama Kuu ikasema sharti hilo haliwezi kuwekwa bila kubadili katiba, na tangu hapo wingi wa kawaida unatosha. Vifurushi vya 2017, 2021 na 2025 vyote vimepita kwenye mlango huo.

Kwa 2025, wa kuangaliwa ni upanuzi wa kodi ya mauzo kwa huduma kama matangazo, msaada wa kompyuta, ulinzi na uajiri wa muda, ulioanza tarehe 1 Oktoba 2025. Mwenye kampuni ndogo ya ulinzi au ya msaada wa kompyuta aangalie ankara zake: kodi hukusanywa kwa mteja, na asipoikusanya deni linabaki lake. Ikiwa sehemu ya kodi itabatilishwa baadaye, marejesho humfuata aliyelipa, na bila kumbukumbu za ankara hakuna cha kudai.

Upo pia upande wa kushinda, na Ferguson anaujua vizuri, maana alikuwa Mwanasheria Mkuu tangu 2013 kabla ya kuwa gavana. Mwaka 2022 ofisi yake ilipata suluhu ya dola milioni 518 kutoka kwa wasambazaji watatu wa opioidi, dawa kali za maumivu zinazoleta uraibu. Hizo hulipwa kwa miaka 17, nusu inakwenda kwa serikali za mitaa, na zina masharti ya matumizi. Yaani wastani wa milioni 30 kwa mwaka, jimbo na mitaa pamoja, zisizoweza kuziba shimo lolote jingine. Malipo ya kampuni za sigara ya 1998 yalikuwa huru zaidi, na mwaka 2002 jimbo likauza sehemu ya malipo yajayo kwa milioni 450 za mkupuo ili kuziba pengo la mwaka huo. Pengo likazibwa, mapato ya miaka iliyofuata yakapungua.

Mahali pa kuangalia

Anayetaka kujua kesi zinakula kiasi gani asianze na jumla ya bajeti. Afungue jedwali la idara moja moja na kutafuta mstari wa ada ya bima ya madai, ambao hukaa kati ya huduma za pamoja kama pango la ofisi na kompyuta. Alinganishe na kipindi kilichopita. Kisha aende kwenye bajeti ya nyongeza, kwa sababu makisio yakizidiwa, fedha za kujazia mfuko wa madai huonekana hapo. Amri za mahakama hazina mstari wao: McCleary imo ndani ya mishahara ya shule, kalavati zimo ndani ya miradi ya barabara, Trueblood imo ndani ya hospitali za jimbo, na ni maelezo ya mradi yanayotaja jina la kesi. Kwa kodi mpya, asome taarifa ya athari za kifedha inayoambatana na muswada, aone tarehe ya kuanza na makisio ya kila mwaka, halafu aulize kama tayari imeshtakiwa.

Pendekezo la gavana hutoka Desemba, na Bunge huanza Januari. Mstari wa ada ukiwa umebaki palepale huku idara ikiwa na kesi kadhaa zinazokaribia kusikilizwa, tofauti hiyo itakuja kudaiwa katika kikao cha siku 60, ambapo muda wa kupunguza matumizi kwa mpangilio ni mfupi na kodi ndiyo iliyo karibu na mkono.